Mdogo wangu, lipia hayo maelezo

Juzi kijana mmoja wa Igamba alinitumia ujumbe. Baada ya "dada shikamoo" hakupoteza muda: sampuli ya kahawa yake imeonjwa na wapima ubora, ameambiwa imepata alama 81.5 kati ya mia, na akitaka kujua zimetokana na nini, alipe tena. "Sasa dada, si nilishalipia kuonjwa? Hii ya pili ni ya nini? Nilipe, au niachane nao?"

Marahaba, mdogo wangu. Lipa. Ukishalipa ndipo ukasirike, nami nitakusindikiza, maana hasira ya jambo hili ninayo ya akiba.

Namjibu hapa hadharani kwa sababu najua hayuko peke yake. Kila mwenye mibuni Mbozi, Ileje au Rungwe, hata kama ni mia tatu tu nyuma ya nyumba, anaota siku gunia lake litakapopanda meli likiwa na jina lake. Usiniambie wewe huoti. Basi ndoto hiyo haipiti mnadani tu, inapita kwanza kwenye meza ya waonjaji, na pale mezani kuna karatasi ambayo mwonjaji anaandika alama na maelezo. Karatasi hiyo ndiyo nataka tuizungumze.

Kikundi chetu kilipoanza, kule juu ya Vwawa, mnunuzi mmoja alichukua sampuli yetu. Ada ya kuonja tulichangishana wenyewe. Jibu lilikuja kwa simu: "Ni ya kawaida, mama. Themanini na kidogo." Nikaomba karatasi. Akasema hiyo ni mali ya kampuni. Nikamwambia nitalipia nakala. Alicheka, kicheko kifupi cha mtu mwenye haraka, akataja bei. Tukauza kwa bei hiyo, kwa sababu watoto walikuwa wanarudi shule na hakuna mwanachama aliyekuwa na pumzi ya kusubiri.

Msimu uliofuata mpwa wangu anayesoma Ujerumani akanitumia picha ya pakiti aliyoiona dukani. Imeandikwa Tanzania, imeandikwa Mbozi, na chini yake: chungwa, asali, chai nyeusi. Siwezi kuapa kwamba ilikuwa kahawa yetu. Lakini najua yule bwana msimu ule alinunua kwa nani huku kwetu, na hatukuwa wengi. Maneno yale kuna mtu aliyaandika akiwa na kijiko mkononi. Mnywaji wa Ujerumani aliyapata bure kwenye pakiti. Sisi tuliochuma, tukamenya, tukaosha kwa maji ya baridi ya Juni mpaka vidole vikafa ganzi, na ada tukalipa, tuliambiwa "ya kawaida".

Nimeshasamehe, nadhani. Kusahau ni kazi nyingine.

Sasa tuje kwenye hiyo 81.5 yako. Fomu ya SCA, chama cha kimataifa cha kahawa maalumu, ambayo wengi wetu tumeizoea ina vipengele kumi, kila kimoja kikiwa na alama zisizozidi kumi: harufu, ladha, ladha inayobaki baada ya kumeza, uchachu, uzito mdomoni, uwiano, usawa wa vikombe, usafi wa kikombe, utamu, na maoni ya jumla ya mwonjaji. Ukifika 80 unaitwa kahawa maalumu. Hapo kila mtu anashangilia na kwenda nyumbani.

Lakini angalia usawa, usafi na utamu. Hivi vitatu havipimwi kama vingine. Mwonjaji anaandaa vikombe vitano vya kahawa yako, kila kimoja kikiwa na gramu nane na robo hivi kwa mililita 150 za maji, na punje za kila kikombe zinasagwa peke yake. Kila kikombe kinabeba alama mbili katika kila kimoja cha vipengele hivi vitatu. Kikombe kimoja kikitoka na ladha mbaya, unapoteza mbili za usawa na mbili za usafi. Juu ya hapo kuna makato ya kasoro yenyewe: mbili kwa kikombe kama ni doa tu, nne kama ni kasoro nzito.

Piga hesabu mwenyewe. Kuna 81.5 ya kahawa iliyo safi vikombe vyote vitano ila haina la kusema, imepooza tu mdomoni. Na kuna 81.5 ya kahawa ambayo vikombe vinne vinaimba na kimoja kimenuka, ambayo bila kikombe hicho ingekuwa 87.5 au hata zaidi. Wa kwanza ana kazi ya miaka shambani: kivuli, mbolea, mbegu, uchumaji. Wa pili ana kazi ya jioni moja na brashi. Wote wawili wamepewa namba ileile kwa simu.

Najua habari za wa pili kwa sababu ndio sisi. Tulipoacha kuuza kwa yule bwana tulipeleka sampuli kwenye maabara nyingine. Nao wakatoa namba kwanza, maelezo kwa malipo. Kiasi walichotaja kilikaribia bei ya mfuko wa mbolea, na mweka hazina wetu aliniangalia kama nimemwomba figo. (Mabishano ya kikao kile nayaruka, yalikuwa marefu na hayakuwa na adabu.) Tukalipa. Karatasi ikaja: vikombe vinne safi, uchachu wa chungwa, utamu mzuri. Kikombe cha tatu: kimeoza. Pembeni mwonjaji ameandika kwamba inaelekea ni punje iliyovunda kupita kiasi, tuangalie mashine ya kumenya.

Mashine ile tulikuwa tunaiazima, ikizunguka kaya kwa kaya. Tulipoifungua tulikuta punje zimejibana nyuma ya bamba, za nani na za lini Mungu anajua, nyeusi, laini, zinanuka mpaka pua inakataa. Punje kama hizo zinakaa humo zikioza, kisha moja inachomoka na kuangukia kwenye kahawa nzuri ya mtu. Ikikauka huioni kwa macho. Kikombe kimoja kina punje chache tu, na mbovu moja inatosha kukiharibu.

Tukanunua brashi. Mashine inafunguliwa na kuoshwa kila jioni, na mwenye zamu anatia sahihi kwenye daftari. Hakuna jingine tulilobadilisha msimu ule, wala mti mmoja. Kahawa ikavuka 86, na mwaka huu gunia limeondoka na jina la kikundi. Mweka hazina sasa anasimulia kwamba wazo lilikuwa lake. Namwacha.

Ndiyo maana nasema lipia maelezo. Alama ni ya mnunuzi, inamsaidia kupanga bei. Maelezo ni yako wewe mwenye mashine na tenki la kuvundikia kahawa. Hata SCA wenyewe, katika mfumo wao mpya walioanza kuuleta 2023, wametenganisha fomu ya kueleza kahawa ina nini na fomu ya kusema mwonjaji ameipenda kiasi gani. Sisi bado tunapigiana simu kuulizana, "Umepata ngapi?"

Na hapa niwaseme wenzangu kidogo. Tunalipia sare za harusi ya jirani bila kuuliza, tunalipia vocha, tunalipia bodaboda kwenda kuangalia mpira Mlowo. Likija suala la kulipia karatasi inayokuambia kahawa yako inaumwa wapi, ghafla kila mtu ni mchumi. Halafu msimu ukiisha tunakaa kibarazani kulaani mnada. Jamani.

Sijasema ni haki kulipishwa mara mbili. Kwa maoni yangu aliyelipia kuonjwa angepewa na karatasi, basi. Lakini haki hiyo bado tunaidai, na kahawa inaiva Juni hii hii.

Ila usilipie upepo. Kuna watu watakuuzia sentensi moja, "kahawa nzuri, safi, ina uchachu wa wastani", na risiti. Kabla ya kutoa hela uliza kilichomo. Mimi nataka alama za kila kipengele. Vikombe vingapi vilikuwa vibovu, na ubovu wenyewe uitwe jina lake. Ladha ya kitunguu inanirudisha kwenye tenki na maji ya kuoshea. Ladha ya udongo inanirudisha kwenye vichanja vya kuanikia, kuna mtu ameanika chini. Ladha ya karanga mbichi, na punje zinazobaki zimepauka baada ya kukaangwa, hizo ni mbichi zilizochumwa pamoja na mbivu, na hapo naita kikao na wachumaji. Nataka pia hesabu ya punje zenye kasoro, na unyevu, ambao uwe kati ya asilimia 10 na 12. Wakiweza kukupa hayo yote, ada yao ni halali. Wasipoweza, ni namba nyingine tu wanakuuzia.

Na wakikataa kabisa, hata ukiwa na hela mkononi, kama yule bwana wangu? Peleka kwingine ile sampuli uliyobakiza. Umebakiza, sivyo? Gramu 350 za kahawa safi, yaani iliyokobolewa bila kukaangwa, ndizo zinazohesabiwa kasoro, kwa hiyo tenga kilo nzima ili ya kukaanga nayo itoshe. Andika juu ya mfuko tarehe ya kumenya na mashine ni ya nani, na bei ya maelezo uiulize kabla hawajaufungua.