Narvik: bandari ipo, vibarua hakuna

Wadogo zangu wa Moshi, mmeuliza kama bandari ya Narvik, kaskazini mwa Norway, inachukua vibarua. Haichukui, na ni heri mlijue hilo kabla hamjauza shamba la mtu.

Mji una watu kama 14,000 tu. Umezaliwa na chuma cha Kiruna, ng'ambo ya mpaka, Sweden. Bandari ya Luleå huko Sweden huganda baridi ikikolea, lakini maji ya Narvik hayagandi, kwa sababu mkondo wa uvuguvugu kutoka Atlantiki unafika mpaka huko. Kampuni ya kwanza kujenga reli ya kuleta chuma hicho Narvik ilifilisika 1889. Reli ikafunguliwa rasmi 1903, hata ya Tanga ilikuwa haijafika Moshi. Chuma hicho ndicho kilichowaleta Wajerumani Aprili 1940, na mabomu yakaunguza sehemu kubwa ya mji.

Tazameni kazi inavyokwenda. Treni ina mabehewa 68, kila moja na tani 100 hivi za chuma kilichosagwa na kuviringwa vidonge. Ikishuka kutoka mpakani, breki huzalisha umeme unaorudi kwenye waya na kusaidia treni tupu zinazopanda. Bandarini matumbo ya mabehewa hufunguka, vidonge humwagikia kwenye maghala yaliyochimbwa ndani ya mwamba, kisha mikanda huvipeleka melini. Hapo mwenye koleo ana kazi gani? Wanatakiwa mafundi umeme, mafundi mitambo, madereva wa treni.

Na kila kitu kinategemea njia moja. Desemba 2023 treni ya madini ilianguka upande wa Sweden, reli ikafungwa mpaka Februari. Ilipofunguliwa, siku chache tu nyingine ikaacha njia.

Kwa hiyo anzeni na ufundi na Kinorwe. Kibali cha kazi kwa sisi wa nje ya Ulaya hutaka fani na mwajiri aliyekwisha kukubali kukuajiri. Njia ya kusoma bure imefungwa: tangu 2023 wanafunzi wetu wanalipa ada hata vyuo vya serikali. Giza nalo mlijue, jua halichomozi kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari.

Atakayepata kazi afuatilie kadi ya kodi mapema, aende ofisi ya kodi na pasipoti na mkataba. Bila kadi hiyo mwajiri analazimika kukata asilimia 50 ya mshahara, na kilichozidi hurudishwa mwaka unaofuata, hesabu za kodi zikifungwa.