Nimeandikiwa kipimo cha neva, na jirani kanitisha

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, nina miaka 41. Tangu Ramadhani mkono wangu wa kulia unakufa ganzi, zaidi usiku. Saa nane naamka, naukung'uta kama mtu anayekausha maji, ndipo unarudi. Siku hizi sindano ikiniponyoka nasikia mlio wake sakafuni, lakini vidoleni sikuihisi ilivyotoka. Daktari ameniandikia nikapimwe neva Dar es Salaam. Jirani yangu aliyewahi kupimwa anasema unapigwa shoti, halafu unachomwa sindano zenye umeme mpaka kwenye mfupa. Nimeahirisha mara mbili. Kwani hawawezi kunipiga picha tu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze kwa kusema kwamba mimi si daktari, ingawa barua nyingi zinaniita hivyo. Nilikuwa mpimaji: yule mtu wa chumba cha mwisho kwenye korido, mwenye mashine inayopiga kelele. Kwa hiyo sitakwambia unaumwa nini. Nitakwambia nilichokuwa nikikifanya mle ndani, maana ndicho kinachokunyima usingizi kuliko hata huo mkono.

Jirani yako hakusema uongo, ila kachanganya vitu viwili. Kipimo kina sehemu mbili. Sehemu yenye umeme haina sindano, na sehemu yenye sindano haina umeme.

Ya kwanza ni ya shoti. Utabandikwa vibati vyenye gundi kiganjani, na vipete vya waya vitavalishwa vidoleni. Mpimaji ataweka kifaa chenye ncha mbili butu juu ya kifundo cha mkono na kubonyeza. Mpigo mmoja hauchukui hata milisekunde moja. Kidole gumba kitaruka chenyewe, na wengi hucheka hapo, kwa sababu mkono umecheza bila ruhusa ya mwenyewe. Uchungu wake? Unaijua ile hali ya kugonga kiwiko kwenye ukingo wa meza. Ndiyo hiyo hiyo, imekatwa vipande vidogo.

Tunachotafuta ni mwendo. Neva nzima ya mkono hupitisha ujumbe kwa mita 50 au zaidi kwa sekunde. Hiyo ni kilomita 180 kwa saa. Basi la Dar likienda hivyo, trafiki wa Segera hawaliachi. Aliyeanza kuupima mwendo huu ni Mjerumani Hermann von Helmholtz, mwaka 1850, kwa neva ya chura, akapata kama mita 27 kwa sekunde. Kabla yake wengi walidhani ni jambo lisilopimika.

Sasa tazama kiganja chako. Neva ya katikati hupita kwenye njia finyu pale kifundoni, pamoja na kano tisa za kukunjia vidole. Njia ikibana, ujumbe unafika mbio mpaka kifundoni, unajikokota pale, kisha unaendelea. Neva hiyo inahudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Nusu ya pili ya kidole cha pete na kidole cha mwisho ni mali ya neva nyingine, inayopita njia nyingine. Chukua kipande cha pamba usiku wa leo, upapase kidole cha pete upande huu, kisha upande ule. Ukihisi tofauti, mwambie daktari hivyo hivyo ulivyohisi. Sisi nasi tulikuwa tunazipima neva zote mbili za mkono mmoja, tukifananisha jirani na jirani.

Kuhusu picha: ukinitumia picha ya cherehani yako nitaona gurudumu na mkanda, lakini sitajua kama inashona au inarukaruka mishono. Eksirei inaonyesha mifupa, neva haionekani. Altrasaundi inaweza kuonyesha neva iliyovimba, na ina msaada wake, ila kazi inayofanywa na neva huijua kwa kuichokoza.

Sindano ni sehemu ya pili. Ni nyembamba, inatumika mara moja na kutupwa, inaingia kwenye nyama ya msuli, si kwenye mfupa. Haileti umeme wowote. Inasikiliza tu umeme ambao msuli wenyewe unautengeneza, na mashine inaugeuza kuwa sauti. Msuli mzima ukipumzika huwa kimya kabisa. Uliopoteza neva yake hutoa tiki-tiki-tiki, kama mvua inayoanza kudondoka juu ya bati. Nimestaafu, lakini mvua za vuli zikianza huwa nakikumbuka kile chumba. Inauma, sitakudanganya, na mahali ilipopita panaweza kubaki panauma siku moja au mbili. Kwa tatizo kama lako mara nyingi ni msuli mmoja, ule wa shina la kidole gumba, na pengine isihitajike kabisa.

Haya ndiyo ya kujiandaa nayo. Siku hiyo usijipake mafuta mikononi. Najua naongea na mtu wa Tanga, na mafuta ya nazi ni sehemu ya ngozi, lakini vile vibati havishiki na umeme haupiti vizuri. Vua pete na bangili. Hina haina neno. Kama unatumia dawa ya kuzuia damu isigande, au una betri ya moyo, sema mapema, usisubiri uulizwe.

Na mikono iwe na joto. Hili nalisema kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza aliletwa mama muuza samaki, asubuhi ya baridi, katoka moja kwa moja kwenye barafu. Chumba kilikuwa na kiyoyozi. Nikampima, neva zote zikawa polepole, nikaandika ripoti ya ugonjwa mkubwa wa neva. Mkubwa wangu aliisoma, hakusema kitu, akamwita yule mama na kumshika mkono. Akaagiza beseni la maji ya uvuguvugu. Tulipopima tena, ugonjwa haukuwepo. Ngozi ikipoa kwa nyuzi moja, neva hupunguza mwendo kwa kama mita 2 kwa sekunde. Sisi tulitakiwa kuhakikisha mkono uko nyuzi 32 au zaidi. Basi ukiona mpimaji hakugusa mkono wako wala hakupima joto lake, muulize kwa upole, "Mwanangu, mikono yangu si baridi?" Hatachukia, na akichukia, muulize tena.

Wakati unasubiri tarehe, muulize daktari wako juu ya banzi la kuvaa usiku, linaloweka kifundo kimenyooka. Na kama hujapimwa sukari na tezi la shingo, vipimwe, kwa maana vyote viwili huweza kuleta ganzi ya namna hii. Safari hii usiahirishe. Neva iliyobanwa kidogo hurudi. Iliyobanwa mpaka nyama ya kidole gumba ikabonyea hurudi kwa shida.

SWALI: Baba yangu ana kisukari, nyayo zinawaka moto usiku hadi anafunua shuka. Tumelipia kipimo cha neva, majibu yametoka mazuri. Je, anadeka?

JIBU: Hadeki. Kipimo hiki husoma neva nene, zile za mbio. Moto na maumivu hubebwa na nyuzi nyembamba, nyingine zikienda mita moja tu kwa sekunde, mwendo wa mtu anayezunguka sokoni. Hizo mashine yetu haizisikii. Majibu yake ni ya kweli na nyayo zake ni za kweli. Rudini kwa daktari na maneno hayo hayo, "zinawaka, anafunua shuka", kwa sababu dawa za maumivu ya neva zipo. Na mzee asitembee peku, wala asitumbukize miguu kwenye maji ya moto kabla mtu mwingine hajayajaribu kwa kiwiko.

SWALI: Mume wangu alianguka na bodaboda, akavunjika mfupa wa juu wa mkono, kiganja kinaning'inia, hawezi kukiinua. Alipimwa siku ya tano, sasa wanataka arudie baada ya wiki tatu. Wanatafuta hela?

JIBU: Hapana, dada, ila walipaswa kuwaeleza siku ile ile. Neva ikikatika, kipande kilichobaki mbele huendelea kuitika kwa siku kadhaa kana kwamba hakuna lililotokea, na ile mvua ya bati niliyoitaja huanza kusikika kwenye wiki ya pili au ya tatu. Arudi. Kabla ya hapo kiganja kifungwe banzi kikiwa kimeinuliwa, na vidole vikunjwe na kunyooshwa kwa mkono wa pili kila siku, visije vikakakamaa.