Kodi Ikikushinda, Sema Kabla ya Tarehe Tano

Ukikaa mitaa ya Nairobi kama Pipeline, Kayole au Githurai, unaijua tarehe tano. Ikipita hujalipa kodi ya nyumba, keateka, yaani msimamizi wa ploti, anaanza kukubishia mlango alfajiri. Ukichelewa zaidi, unarudi jioni na kukuta kufuli jingine juu ya lako. Mimi ni mweka hazina wa chama cha wapangaji katika ploti yetu huku Embakasi, na nimeona waliofungiwa na walionusurika. Tofauti yao mara nyingi si mshahara. Ni siku waliyofungua mdomo.

Kenya hatuna vocha za kodi, yaani msaada wa serikali wa kumlipia mpangaji sehemu ya kodi. Kule Marekani, aliyebahatika kupata vocha hulipa takriban asilimia 30 ya mapato yake, na salio analipwa mwenye nyumba moja kwa moja na mamlaka ya nyumba. Hata huko wengi husubiri miaka. Sisi tuna Inua Jamii, mpango wa serikali wa kutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee, mayatima na wenye ulemavu mkubwa, na hizo hununua chakula kwanza. Walioajiriwa tunakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Jisajili Boma Yangu, tovuti ya serikali ya nyumba hizo, na uanze kuweka akiba ya dipoziti, ila mpango huo ni wa kumiliki nyumba siku za usoni. Kodi ya mwezi huu bado ni yako.

Ndiyo maana tukaanzisha mfuko. Kila nyumba inachanga shilingi 200 kwa mwezi. Mtu akikwama, kazi ya mjengo ikisimama au mtoto akilazwa, chama kinamlipia nusu ya kodi, mara moja kwa mwaka. Pesa hazipiti mkononi mwake. Zinatumwa kwa akaunti ya ajenti zikiwa na nambari ya nyumba, na ni watu watatu tu wa kamati wanaojua ni nani. Hili la siri tunalishikilia sana, kwa sababu mtu akihofia kusemwa kwenye ngazi ataona heri anyamaze. Na pesa za mkononi tunajua zinakoishia: dukani kuna deni, shuleni kuna deni, kodi inabaki palepale.

Jirani yetu mmoja hufulia watu nguo South B. Kazi ilipokatika alituambia mapema, kabla hata mwezi haujaisha. Tulilipa nusu, naye akamwandikia ajenti ujumbe akitaja kiasi na tarehe za kumaliza. Akakubaliwa. Kijana mwingine, fundi wa vigae, alinyamaza hadi miezi mitatu. Alipofungiwa, mashine yake ya kukatia vigae ilibaki ndani, na bila mashine hakuna kazi, bila kazi hakuna kodi. Nusu ya mwezi mmoja ingemsaidia nini wakati huo?

Kwa hivyo usimwambie ajenti “nitalipa nikipata.” Mpe kiasi, mpe tarehe, na uandike ili ibaki kwenye simu. Lipa chochote ulicho nacho siku hiyohiyo.

Sheria nayo imetuacha nyuma. Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, inawalinda wapangaji wa nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nionyeshe nyumba yenye stima na maji Embakasi kwa bei hiyo! Bunge likipandisha kiwango hicho litakuwa limewasaidia wapangaji wengi bila kujenga hata ghorofa moja.

Dipoziti ni jambo jingine, hasa unapohama kwenda kwenye nyumba ya bei ya chini, maana ndiyo unayoitegemea kuingilia huko. Siku ya kuingia piga picha kuta, sinki na madirisha, na udai risiti inayosema “dipoziti,” si “malipo” tu. Mwenye nyumba akikataa kuirudisha bila sababu, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Si lazima uwe na wakili, na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Nenda na risiti, zile picha na ujumbe wako wa notisi ya kuhama.