Mwanangu, hamdaiwi mtoto

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma na kuurudia. Umeniuliza: "Mama, tukikataa kumtoa mtoto kwa watu wengine, tutakuwa tumemnyima maisha mazuri?" Ukanieleza kwamba yule mama wa kanisani anakosali mwenzako, aliyemlipia kodi ya chumba huko Zimmerman tangu shangazi yake amfukuze, ana jamaa zake ambao hawajajaliwa mtoto, na tayari wana karatasi wanayotaka muitie sahihi kabla mwenzako hajajifungua.

Hapana, mwanangu. Hamtamnyima chochote kwa kumlea wenyewe. Wewe ulilala kitanda kimoja na mimi na nyanya yako hapa Kariobangi mpaka ulipoanza shule, na sijawahi kukusikia ukisema kuna mtu aliyekudhulumu.

Usinielewe vibaya. Kuasili mtoto, yaani kumchukua mtoto wa mwingine kisheria awe wako, si jambo baya. Miaka niliyofanya kazi wodi ya uzazi nimewaona watu wakimpokea mtoto waliyemngoja kwa machozi, na nimewaona kina mama waliotoa kwa hiari, wakijua wanachofanya. Wote nawaheshimu. Kinachoniumiza roho ni msaada unaotolewa leo ili udaiwe kesho.

Kuna binti mmoja ambaye sijamsahau. Alikuwa kitanda cha mwisho karibu na dirisha, na kando yake mama mmoja nadhifu mwenye chupa ya supu. Kila nililouliza alijibu yule mama: umri, nyumbani kwao, dawa alizotumia. Nikauliza mtoto ataitwa nani, akajibu yeye tena, binti hakumtazama hata. Nikamwomba atupishe kidogo, nikavuta pazia. Binti alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya leso. Akaninong'oneza: "Sista, nikibaki na mtoto, ile supu na pesa za matatu nitazirudisha vipi?" Moyoni alikuwa amehesabu kila kikombe. Tukamwita afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali akazungumza naye peke yake, na nyanya yake akapigiwa simu huko Machakos. Bibi wa watu hakujua hata kwamba mjukuu wake ana mimba. Kesho yake asubuhi na mapema alikuwa getini na kiondo chake, akiuliza wodi iko wapi.

Mwenzako naye anahesabu. Kila akifungua mlango wa chumba kile anakumbuka nani amelipa. Mtu akiwa na deni kichwani hawezi kuamua jambo la maisha yake yote, na ridhaa anayoitoa kwa kuogopa kulala nje siiiti ridhaa.

Sasa sikiliza habari ya karatasi. Chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, mipango ya kuasili haiwezi kuanza kabla mtoto hajatimiza wiki sita. Wa kwenu bado yuko tumboni. Anayetoa amri ya kuasili ni Mahakama Kuu, ridhaa ya wazazi inatakiwa, na sheria inakataza mtu kumlipa mzazi ili apewe mtoto. Kwa hiyo kodi ya Zimmerman haiwezi kugeuzwa kuwa bei ya mjukuu wangu. Kama mama yule aliitoa kwa upendo, mshukuruni kwa dhati, na iishie hapo.

Wiki sita hizo nazipenda kwa sababu nimeziona zikipita. Siku ya tatu hivi, maziwa yanapojaa, mama wengi hulia bila kujua wanalilia nini. Usiku hakuna usingizi, mwili unauma, na anayekuja na suluhisho saa hiyo atasikilizwa, liwe zuri au baya. Mama huyohuyo ukimwona kliniki ya wiki sita, amemleta mtoto kuchanjwa, anamjua kilio cha njaa na kilio cha usingizi. Anaweza kukaa kitako akasema ndiyo au hapana. Amri ya mahakama ikishatoka haki zenu za uzazi zimekwisha, kwa hiyo jambo la namna hiyo haliamuliwi mwezi wa saba wa mimba, mtu akiwa amekalishwa sebuleni kwa watu na kusimamiwa.

Halafu umeniandikia kitu kilichonichoma: kwamba wamekwambia wewe huna la kusema kwa kuwa hujatoa mahari. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa mtoto haki ya kutunzwa na mama na baba yake, na kinasema wajibu wao ni sawa, wawe wameoana au hawajaoana. Una la kusema, na una la kufanya. Hudhuria kliniki pamoja naye. Hiyo kazi yako ya mjengo, hata ikiwa ya siku tatu kwa wiki, wekeni kando kitu kila jioni.

Mambo ya pesa yasiwatishe kuliko yalivyo. Msajiliwe SHA, bima ya afya ya serikali, sasa hivi kwa *147#, msingoje uchungu uanze. Asiye na mshahara hulipa ya mwaka mzima, na kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Kukipungua niambie mapema. Na akitokea wa kumtisha mwenzako kwamba atazuiliwa hospitalini asipomaliza bili, mkumbushe kwamba mwaka 2015 Mahakama Kuu ilishaamua, katika kesi ya wanawake waliozuiliwa baada ya kujifungua hapahapa Nairobi, kwamba kuwazuilia ni kuvunja Katiba. Chanjo za mtoto ni bure kwenye vituo vya serikali. Miezi sita ya kwanza chakula chake ni maziwa ya mama. Nguo nitazitafuta sokoni Gikomba, na beseni lako la kuogea bado ninalo.

Chuo aombe kuahirisha masomo. Hakuna sababu ya kuyaacha.

Shinikizo likizidi, piga 116, simu ya bure ya watoto, au nendeni FIDA, chama cha mawakili wanawake, mpate wakili bila malipo. Afisa wa watoto wa serikali yuko katika kaunti ndogo nyingi, na kusikiliza wazazi kama ninyi ni sehemu ya kazi yake. Na mkielemewa kabisa kabla hamjasimama, kuna mimi. Mtoto anaweza kukaa kwangu kwa muda, na bado akawa wenu, akawaita baba na mama.

Baada ya yote hayo, mkikaa na mtoto wenu, wiki sita zikapita, na ninyi wawili bila mtu mwingine chumbani mkaona mumtoe, nitakwenda nanyi mahakamani na sitawalaumu, wala sitaruhusu mtu awalaumu mbele yangu.

Jumamosi njooni wote wawili. Chumba cha nyuma nimeshakitoa magunia. Akitaka kuhamia kwangu tangu siku hiyo, aje na vitu vyake, hana kodi ya kulipa wala kazi ya kufanya ili akae. Jumatatu tutakwenda pamoja kwa afisa wa watoto. Mwambie mkamwana wangu asisahau kitabu cha kliniki. Ile karatasi msiitie sahihi, ileteni niisome.

Mama yako