EB-1C: Cheo cha umeneja peke yake hakikupi grinikadi

Jamani watu wengi wa Nairobi na Dar walio kwenye makampuni ya kimataifa wananiuliza eti ukiwa meneja unaweza kuhamia Marekani kwa kazi hiyo hiyo, jibu ni ndio, njia inaitwa EB-1C, ni ya kupata grinikadi yaani ukaazi wa kudumu, na mimi nimepitia humo. Ila kabla hujaanza kuota, jiulize kazini unashinda unafanya nini hasa, maana hapo ndipo maombi mengi yanapokwama.

Ya msingi niyapitie harakaharaka. Anayeomba ni kampuni ya Marekani, kwa fomu I-140, huwezi kujiombea mwenyewe hata uwe na hela vipi. Kampuni hiyo iwe imefanya biashara angalau mwaka mmoja na iwe na undugu na ile ya nyumbani, yaani mama na tanzu, tawi, au zote zina mmiliki mmoja. Na wewe uwe umefanya kazi kule nje angalau mwaka mzima ndani ya miaka 3 kabla ya maombi, ila kama tayari uko huku unaifanyia kampuni hiyo (mimi nilikuja na L-1A, viza ya muda ya mameneja wanaohamishwa na kampuni) basi hiyo miaka 3 wanaihesabu kurudi nyuma kuanzia ulipoingia. Na ule mwaka wa nje uwe wa umeneja au ukurugenzi, kwa hiyo ndugu zangu mliokuja na viza ya L-1B kama mafundi bingwa, si mameneja, hilo liangalieni mapema sana.

Sasa majukumu. Sisi USCIS, yaani idara ya uhamiaji ya Marekani, walituandikia barua ya kutaka ushahidi zaidi na karibu yote waliyouliza yalikuwa hayo. Kuandika "anasimamia shughuli za idara" hakutoshi kabisa, wanataka kujua muda wako unaugawaje, asilimia ngapi bajeti, ngapi kuajiri na kufukuza, ngapi kupanga mikakati, halafu nani anafanya zile kazi zenyewe za kila siku, nani anapigia wateja simu, nani anaandaa invoisi. Ukionekana ni wewe, umekwisha, hata kama unaitwa Mkurugenzi Mkuu. Supavaiza naye hahesabiwi kama meneja kwa sababu tu ana watu chini yake, labda hao watu wawe ni wataalamu kama mainjinia au wahasibu wenye digrii. Kuna pia meneja wa shughuli, ambaye hana watu wengi ila anaongoza kitu muhimu cha kampuni, huyo anakubalika lakini ushahidi wake unahitaji kazi kweli kweli.

Kwa hiyo anza kutunza makaratasi ukiwa bado nyumbani: chati ya ofisi yenye majina na elimu ya kila mtu, mikataba uliyosaini, barua za ajira ulizotoa, bajeti ulizopitisha, na slipu za mshahara za ule mwaka. Ukishahama kuvipata ni shida, HR wanabadilika na hakuna anayekukumbuka.

Uzuri mkubwa wa njia hii ni kwamba kampuni hailazimiki kutangaza kazi kwanza kutafuta Mmarekani, hapo unaokoa muda mrefu sana. Ukilipia huduma ya haraka I-140 inashughulikiwa ndani ya siku 45 za kazi. Mke au mume anaingia humo humo, na watoto pia ila wawe chini ya miaka 21 na hawajaoa au kuolewa, kwa hiyo mwenye kijana wa miaka 19 aongee na wakili sasa hivi.