Mbona wenyeviti, lakini si wanavyama? Maswali yenu kuhusu wingi wa nomino ambatani

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza jambo moja kwa sura mbalimbali: jina lililoundwa kwa maneno mawili likitiwa katika wingi, ni neno lipi libadilike na lipi liachwe? Nimechagua chache.

Mwanangu wa darasa la tano aliandika "wanavyama" akakosolewa, ilhali "wenyeviti" alipewa alama. Ikiwa kiti kimekuwa viti, kwa nini chama kisiwe vyama? (Mzazi, Morogoro)

Mwanao alifikiri vizuri, ila alidhani kwamba "mwenye" na "mwana" hufanya kazi moja. "Mwenye" huonyesha umiliki, na kila mwenye ana chake, kwa hiyo wakikutana watano, viti navyo huwa vitano. Ndiyo maana tunasema wenyeviti, na vilevile wenye maduka. "Mwana" katika maneno kama mwanachama, mwanajeshi na mwanakwaya si mtoto wala mmiliki, bali ni mtu anayehesabiwa ndani ya kundi fulani, na neno linalofuata hulitaja kundi hilo bila kulihesabu. Wanachama elfu moja wanaweza kuwa wa chama kimoja. Wapo wanaoandika "wanavijiji" wanapozungumzia watu wa vijiji vitatu. Nia yao naielewa, lakini mimi ningeandika "wanakijiji wa vijiji vitatu". Mwanamke yuko nje ya kundi hili, kwa kuwa hapo mwana na mke ni mtu yuleyule, hivyo sehemu zote mbili hubadilika na kuwa wanawake. Ndivyo ilivyo pia kwa mjamzito, ambaye wingi wake ni wajawazito.

Basi wingi wa mwanamume ungekuwa "wanawaume". Mbona hatusemi hivyo? (Mwanafunzi wa chuo, Mombasa)

Kwa hesabu ya kanuni ungekuwa huo, lakini ulimi uliliona neno refu ukalikata, tukabaki na wanaume. Kisha watu wakaanza na wingi huo uliofupishwa, wakarudi nyuma kuutafutia umoja, wakapata "mwanaume", umbo ambalo sasa limeenea kila mahali. Mimi huandika mwanamume, ila silikati kwa wino mwekundu hilo la pili. Wanawake, kwa bahati, hawakukumbwa na mkato huo.

Ofisini tunabishana kuhusu wingi wa Naibu Katibu Mkuu. Nimekuta "Manaibu Katibu Wakuu", nimekuta "Manaibu Makatibu Wakuu". Niandike lipi? (Karani, Dodoma)

Tuanze na lisilo na ubishi. Sifa hufuata jina inayolisifu, kwa hiyo tuna makatibu wakuu, mawaziri wakuu na walimu wakuu. Ubishi huletwa na neno naibu, ambalo huwekwa mbele ya cheo bila kiunganishi chochote, na cheo hicho hubaki kama lebo: tumezoea kusikia "mawaziri na manaibu waziri", kama tunavyosema mabwana shamba bila kuyahesabu mashamba yao. Ukikishika kipimo hicho, lebo nzima ya "Katibu Mkuu" inapaswa kuachwa ilivyo, na wingi uonekane kwenye naibu peke yake: Manaibu Katibu Mkuu. Umbo la kwanza ulilokutana nalo ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu limemwacha katibu akiwa mmoja na kumfanya "mkuu" kuwa "wakuu", na sifa hiyo, ikikosa mwenyewe, huenda kuwaangukia manaibu, ambao kwa maana ya cheo chao si wakuu. "Manaibu Makatibu Wakuu" angalau lina upatanisho, ingawa mtu asiyeujua muundo wa wizara anaweza kudhani kuwa ni vyeo viwili vilivyosahauliwa mkato katikati. Katika sentensi ya kawaida, isiyo kichwa cha barua, kiunganishi hutatua kila kitu: manaibu wa katibu mkuu, iwapo bosi wao ni mmoja, na manaibu wa makatibu wakuu, iwapo mabosi ni wengi.

Kila mgeni ana kinywa chake. Kwa nini basi si "vifunguavinywa"? (Mpishi, Zanzibar)

Kwa sababu ndani ya neno hilo mna kitenzi. "Fungua kinywa" ni tendo zima lililogandishwa, na kinachohesabika ni kile kinachotenda, ambacho alama yake ni ki- ya mwanzo: vifunguakinywa. Ndivyo tunavyopata vipimajoto, vitindamimba na wafanyabiashara.

Je, ni mijusikafiri au mijusimakafiri? (Msomaji, Tanga)

Ni mijusikafiri. Kafiri hapa anataja aina ya mjusi, wala hatuhesabu dini za mijusi. Angalia tu upatanisho, kwa maana ni viumbe hai: mijusikafiri wengi, si mingi. Mbwamwitu habadiliki kabisa, na idadi yake utaijua kwa neno linalofuata, awe mmoja au wawe wengi.

Umoja wa njugumawe ni njugujiwe? (Msomaji huyohuyo)

La. Mawe hayo yanaeleza ugumu wa njugu, nayo hubaki mawe hata ukiwa na njugu moja mkononi. Ukihitaji umoja, sema punje moja ya njugumawe.