Usiulize tu kama protini ipo: kwa wanaoanza utafiti wa saratani ya mapafu

Karibuni maabara. Wengi wenu mtapewa mada ya protini zinazoshikanisha seli, na mapema tu mtasimuliwa kwamba E-kaderini, mojawapo ya protini hizo, ikipungua, seli za uvimbe huachana na kusambaa, basi. Si uongo, ila ukiishia hapo tasnifu yako itakuwa nyepesi.

Mimi ningeanza kwa kuuliza protini iko wapi. Chukua slaidi ya adenokasinoma (saratani ya seli za aina ya tezi) iliyotiwa kingamwili zinazoinasa E-kaderini na kuionyesha kwa rangi ya kahawia. Kabla ya kugusa uvimbe, tafuta pembeni kipande cha njia ya hewa chenye afya. Pale rangi ya kahawia inapaswa kuchora mpaka wa kila seli, mfano wa wavu wa mvuvi. Isipochora, usiiamini slaidi hiyo. Pengine tishu ilikaa kwenye fomalini, dawa ya kuihifadhi, kupita kiasi. Ikichora, hamia kwenye uvimbe. Mara nyingine utakuta rangi ipo, lakini imetoka kwenye utando wa nje wa seli na kuzagaa ndani ya seli. Anayejaza fomu ya "ipo" au "haipo" ataandika "ipo", ilhali protini hiyo hushikana na mwenzake wa seli jirani ikiwa kwenye utando, tena kwa msaada wa kalisiamu. Ikiwa ndani, haishiki kitu.

Kalisiamu hiyo huwaponza wanaokuza seli. Seli za A549, zinazokuzwa maabara na zilizotokana na uvimbe wa mapafu mwaka 1972, kwa kawaida hubanduliwa kwenye chupa kwa tripsini, kimeng'enya kinachokata protini, yenye kemikali ya EDTA. EDTA hunyakua kalisiamu, kisha tripsini hukata sehemu ya nje ya E-kaderini. Ukipima papo hapo utadhani seli zimeipoteza, kumbe umeinyoa mwenyewe. Tripsini ikiwa na kalisiamu huiacha salama. Mwanabiolojia Mjapani Masatoshi Takeichi aligundua kaderini, jamii ya protini yenye E-kaderini, kwa kulinganisha hali hizo mbili.



Mkitia TGF-beta, protini inayopeleka ishara kwa seli, kwenye A549, zitarefuka, E-kaderini itashuka, na N-kaderini na vimentini, protini za seli zinazohamahama, zitapanda. Picha zake zinapendeza, na ndiyo sababu huzidi kwenye mabango ya mikutano. Ndani ya mgonjwa, seli nyingi huishia katikati ya hali hizo mbili, ya kushikana na ya kuhama, na nyingine husafiri kwenye damu kwa vikundi, bado zimeshikana.

Mwisho, sampuli. Hapa Nairobi si wachache wanaotibiwa kifua kikuu kwanza, saratani ikaja kuonekana imeshakomaa, na unachopata ni maji ya kifuani. Humo EpCAM, protini nyingine ya kushikanisha, huwasaidia wanapatholojia kutenganisha adenokasinoma na seli za kawaida za utando wa kifua. Ombeni masalia ya sampuli hizo mapema, kibali cha kamati ya maadili kikiwa mkononi, kabla hazijatupwa.